Kumlea mtoto mwenye selimundu nyumbani Mombasa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali yanayorudi kila siku ya kliniki, pale kwenye benchi la kungojea, aghalabu kwa sauti ya chini ili jirani asisikie. Selimundu, au sikoseli, ni ugonjwa wa damu wa kurithi ambao chembe nyekundu hupinda kama mundu. Anayejibu ni mlezi, na anawajibu walezi wenzake. Dozi za mwanao ziko kwenye kadi yake ya kliniki. Usichukue za mtoto wa mwenzio hata kama wamelingana umri, kwa sababu dawa hizi hupimwa kwa kilo.

Mimi mzima, babake mzima. Huyu mtoto ameutoa wapi?

Kwenu nyote wawili. Kila mtu hurithi jeni mbili za himoglobini (kile chekundu kwenye damu kinachobeba hewa), moja ya mama na moja ya baba. Mwenye AS ana moja ya selimundu na moja ya kawaida. Kwa kawaida haumwi, na anaweza kuzeeka asijue. Watu wawili wa AS wakizaa, kila mimba ina uwezekano wa robo kuwa SS (jeni zote mbili za selimundu, huyu ndiye mgonjwa), nusu kuwa AS, na robo kuwa AA (zote za kawaida). Hesabu huanza upya kila mimba. Kuna nyumba ina watoto sita na mgonjwa ni mmoja, na kuna nyumba wamefuatana wawili.

Jeni hii ni nyingi huku Pwani na kando ya Ziwa Victoria kwa sababu ya malaria. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alionyesha mwaka 1954 kwamba wenye AS hawalemewi na malaria kama wengine. Hapo ndipo watu huchanganya mambo. Kinga hiyo ni ya AS. Mtoto wa SS akiumwa malaria damu yake hushuka upesi mno, kwa hiyo nyumba ikiwa na chandarua kimoja, ni chake.

Mbona alikuwa mzima mpaka miezi sita?

Mtoto huzaliwa na himoglobini ya tumboni ambayo haipindi. Hiyo hupungua kidogo kidogo, na ya selimundu ikichukua nafasi ndipo dalili huanza. Mara nyingi ya kwanza ni mikono na miguu kufura, mtoto akilia akiguswa. Wengi huambiwa kaumwa na mdudu, au yaya kamvuta mkono.

Tulipimwa tukaambiwa "anayo". Inatosha?

Haitoshi. Kile kipimo cha haraka cha zamani, cha kutazama kama chembe zinapinda, huonyesha kwamba jeni ipo, lakini hakitenganishi AS na SS. Omba kipimo cha elektroforesi ya himoglobini. Wapo wazazi waliohangaika miaka na mtoto wa AS, na wapo waliotulia na mtoto wa SS, wote kwa sababu ya karatasi moja isiyosema yote.

Dawa za kila siku ni zipi, na zina kazi gani?

Foliki asidi humsaidia kutengeneza damu mpya, kwa sababu chembe za damu yake huishi kama siku 10 hadi 20 tu badala ya 120. Penisilini, asubuhi na jioni mpaka atimize miaka mitano angalau, humkinga na bakteria wa nimonia na homa ya uti wa mgongo. Proguanili hutolewa kila siku kuzuia malaria. Wengi sasa huongezewa haidroksiurea, ambayo ina swali lake hapo chini. Na chanjo zote za kliniki ya watoto zikamilike kwa wakati, hasa ile ya nyumokoka (bakteria huyo wa nimonia) ya wiki 6, 10 na 14, ambayo Kenya ilianza kuitoa mwaka 2011.

Ambayo watu huiacha haraka ni penisilini, kwa kuwa mtoto anaonekana mzima. Anaonekana mzima kwa sababu anaimeza.

Ana homa kidogo. Nimpe panadol nione mpaka asubuhi?

Usingoje asubuhi. Kama ukurasa huu una jibu moja la kushika, ni hili.

Bandama ndiyo huchuja bakteria kwenye damu. Kwa mtoto wa SS, bandama huharibika mapema, kabla hata hajaingia shule. Bakteria ambaye kwa mtoto mwingine angeleta mafua na kikohozi, kwake anaweza kuingia kwenye damu na kumuua kwa saa chache. Panadol itashusha joto, haitamgusa bakteria. Mama atalala akidhani mambo yametulia.

Nunua kipimajoto cha dijitali, kile cha kwapani kinachouzwa kwenye duka la dawa, kikae mahali pamoja ambapo hata dada wa kazi anapajua. Kiganja cha mkono kwenye paji la uso hakitoshi, hasa wakati wa kaskazi ambapo nyumba nzima ina joto. Kikisoma 38 au zaidi, ondokeni. Unaweza kumpa panadol ili asiteseke njiani, ila iwe njiani.

Mkifika, usikae kimya kwenye foleni. Sema: "Huyu ni mtoto wa selimundu na ana homa." Maneno hayo hubadilisha mpangilio wa foleni kwa muuguzi anayejua kazi yake. Na mkipimwa malaria ikakosekana, hilo si ruhusa ya kurudi nyumbani. Uliza kuhusu kipimo cha damu na antibiotiki. Mhudumu akikwambia "ni homa tu, hali ya hewa", omba daktari. Hakuna adabu inayovunjika hapo.

Bandama ikifura nitajuaje?

Ijue kwanza akiwa mzima. Mlaze chali, magoti yameinuliwa ili tumbo lilegee. Weka vidole vyako bapa chini kabisa upande wa kushoto, karibu na nyonga, kisha panda polepole kuelekea mbavu huku ukibonyeza kwa upole anapovuta pumzi. Kitu kigumu chenye ukingo kikigusa vidole, hiyo ni bandama. Pima kwa vidole vyako: viwili chini ya ubavu, vitatu. Andika kwenye daftari na tarehe. Muuguzi akuonyeshe mara ya kwanza, mkono wake juu ya wako.

Ikiwa jana ilikuwa vidole viwili na leo vinne, tumbo limejaa, mtoto amelegea, viganja na midomo vimekuwa vyeupe, hiyo ni dharura. Damu yake imejikusanya kwenye bandama na anaweza kuhitaji kuongezwa damu mara moja. Tumbo hilo halikandwi. Wala halichanjwi chale, hata kama mzee wa mtaani ana sifa ya kutibu bandama tangu enzi za babu yako.

Maumivu yakianza usiku nifanye nini nyumbani?

Anza mapema, usimsubiri alie. Watoto wengi huonyesha kabla: ananyamaza, anakataa kucheza, anashika mguu mmoja. Mpe maji, mfunike, kitambaa cha maji moto (si cha kuunguza) pale panapouma. Barafu hapana, baridi huzidisha.

Dawa ya kwanza ni parasetamoli (ndiyo hiyo hiyo panadol), kila saa sita. Ikiwa kliniki imemwandikia na ibuprofeni, hiyo ni kila saa nane, baada ya kula na awe amekunywa maji, maana figo zake hazitaki ibuprofeni mwili ukiwa mkavu. Zote mbili zinaweza kwenda pamoja. Andika saa ukutani ili nyanya asimrudishie ile ambayo mama ameshampa. Aspirini usimpe.

Kumkanda mikono na miguu kwa mafuta ya nazi yaliyopashwa moto kidogo, kwa wepesi, kunasaidia, na hapo nyanya anamshinda daktari. Hadithi pia husaidia, na katuni.

Nenda hospitali ikiwa maumivu hayajapungua baada ya dozi, yapo kifuani, yameandamana na homa, au anapumua haraka. Mdomo kwenda upande, mkono kulegea ghafla, kusema maneno yasiyoeleweka: hiyo ni dalili ya kiharusi, na watoto wa selimundu hupata kiharusi. Usimlaze kwanza "apumzike".

Halafu kuna hili la kumwambia "vumilia, wewe mwanamume". Mtoto akizoea kuambiwa hivyo hujifunza kuficha, na utakuja kujua amechelewa.

Anywe maji kiasi gani? Na mfereji ukikauka?

Kwa kipimo cha chini, mtoto wa kilo 10 anahitaji karibu lita moja kwa siku, wa kilo 20 lita moja na nusu. Joto la Januari na Februari, au siku ya homa, au siku ya kucheza sana, huongeza. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai, ameshachelewa kunywa, ingawa kwa mtoto mwenye macho ya manjano rangi hiyo inaweza kutokana pia na chembe zinazovunjika.

Kila mtu Mombasa anajua habari ya mfereji. Maji ya Mzima na Baricho yakikatika, tunanunua mitungi kwa mikokoteni, na hujui yametoka kisima gani. Kwa mtoto huyu, maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa kila mara, kwa sababu bakteria wa salmonela, akiingia tumboni, anaweza kufika mpaka kwenye mifupa. Tenga mtungi mmoja wenye kifuniko kwa ajili yake, na usiutumie kufulia hata mambo yakiwa magumu. Maji ya kisima yenye chumvi hatakunywa ya kutosha, utabishana naye bure.

Madafu ni mazuri. Juisi ya ukwaju na uji mwepesi vyote vinahesabika. Soda haikatazwi, ila isiwe ndiyo maji yake.

Chakula gani kinaongeza damu? Duka la dawa wamenipa sirapu.

Rudisha sirapu kwanza. Sirapu nyingi "za damu" ni za madini ya chuma, na mtoto wa selimundu mara nyingi hana upungufu wa chuma: chembe zake zikivunjika chuma hubaki mwilini, na akiongezwa damu mara kwa mara hujaa zaidi. Apewe tu kama daktari amepima akaona kimepungua.

Chakula ni kile kile cha nyumbani kikiwa kamili: maharage, mbaazi za nazi, mchicha, samaki, mayai yaliyoiva, maembe, mapapai. Watoto hawa huchoma nguvu nyingi kutengeneza damu, kwa hiyo wanahitaji kula mara nyingi zaidi. Rojo la biliganya na juisi nyekundu vinavyosifiwa mitandaoni havipandishi damu yake. Hata ukimlisha vizuri namna gani, kipimo cha damu yake (himoglobini) huenda kikabaki saba au nane. Ijue namba yake ya kawaida na uikariri, maana daktari mgeni akiona saba atashtuka, na wewe ndiye utamwambia kwamba saba ni yake ya kila siku, ila ikifika tano kuna jambo.

Dawa ya minyoo kila miezi sita, kwa sababu safura hunyonya damu ambayo hana ya kugawa.

Aende baharini? Acheze mpira?

Aende, acheze. Kumfungia ndani kunamuumiza kwa njia nyingine.

Kinachoumiza ni kuchoka kupita kiasi bila maji, na kubadilika ghafla kwa joto. Bahari yetu si ya baridi. Shida ni ule upepo akitoka majini, hasa miezi ya kusi. Anywe maji kabla, asikae humo saa nzima, akitoka afutwe na kanga kavu papo hapo na avuliwe nguo zilizolowa. Mpira acheze, apumzike anapotaka yeye, asilazimishwe kumaliza raundi na mwalimu. Mkipanda treni kwenda Nairobi bebeni sweta kwa ajili ya kiyoyozi, achilia mbali baridi ya huko mnakokwenda.

Shuleni na madrasa niwaambie nini?

Mwambie mwalimu wa darasa na ustadhi, ana kwa ana, na uwaachie karatasi ya nusu ukurasa. Iseme mambo manne: chupa ya maji mezani muda wote, ruhusa ya kwenda chooni bila kuuliza mara mbili, asisimamishwe juani wala asichapwe, na akisema anaumwa au akiwa na homa, nipigiwe simu saa hiyo hiyo. Namba mbili za simu chini.

Macho ya manjano huwatisha walimu. Wahakikishie kwamba hayaambukizi. Chembe zinapovunjika hubaki rangi ile, basi. Watoto wenzake nao watauliza kwa nini ni mdogo kuliko wao. Watoto hawa huchelewa kurefuka na kubaleghe, lakini hukua.

Ana miaka tisa na bado anakojoa kitandani.

Figo zake haziwezi kukoleza mkojo, kwa hiyo hutoa mwingi, na anakunywa maji mengi kwa amri yetu sisi wenyewe. Asipigwe, asiaibishwe mbele ya binamu zake, na asinyimwe maji jioni. Weka mpira juu ya godoro na umwamshe mara moja usiku.

Ramadhani afunge?

Mtoto asiyebaleghe hajawajibika, na mgonjwa ameruhusiwa na Qurani yenyewe, katika Sura ya Al-Baqara. Shida huwa ni mtoto mwenyewe, anayetaka kufunga kwa sababu wenzake wote wanafunga. Kutwa nzima bila maji katika joto la Mombasa ni mlango wa maumivu. Mpe kazi ya kupanga tende na kupeleka sahani za futari kwa majirani, ale daku na wengine, ajihisi yumo. Akishabaleghe, jambo liamuliwe na daktari wake pamoja na shehe mnayemwamini.

Na tohara?

Atahiriwe hospitalini, baada ya kliniki yake kupewa habari. Damu ipimwe kabla, asikaushwe kwa kunyimwa maji saa nyingi, na anayemtia ganzi ajue ana selimundu. Asiunganishwe kwenye foleni ya watoto wa likizo kwa kuwa tu binamu zake wanakwenda.

Wavulana wana jambo jingine ambalo akina mama huona haya kulitaja: uume kusimama na kuuma bila sababu, bila kulala. Mjomba au baba amweleze mapema kwamba ni sehemu ya ugonjwa, si tabia mbaya, na aseme. Akojoe, anywe maji, atembee. Ikizidi muda wa saa mbili, hospitali, hata kama ni usiku wa manane.

Haidroksiurea si dawa ya saratani? Naiogopa.

Ilianza huko, ni kweli. Kwa selimundu hutolewa kwa dozi ya chini, na kazi yake ni kurudisha ile himoglobini ya utotoni isiyopinda. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2019 uliwafuatilia watoto 606 katika nchi nne za Afrika, na kituo kimoja kilikuwa Kilifi hapa jirani. Waliomeza dawa hii walipungukiwa na maumivu, malaria, kuongezwa damu, na vifo. Ukiniuliza mimi, hii ndiyo dawa ya kuigombania.

Inataka subira ya miezi kabla uone tofauti, na damu ipimwe kwa ratiba, maana inaweza kushusha chembe nyeupe. Mama mjamzito asiiguse kwa mikono mitupu.

Mama mkwe anataka tumpeleke kwa mganga.

Usigombane naye mbele ya mtoto. Dua na kisomo havigongani na dawa yoyote. Mstari uchorwe kwenye vitu vinne: asikatwe chale, asinyweshwe mitishamba isiyojulikana (figo na ini lake vina kazi tosha), asikandwe tumbo, na dawa za kliniki zisisimamishwe hata siku moja. Njia iliyofanya kazi kwa wengi ni kumchukua mama mkwe kliniki, akae, asikie kwa daktari. Akirudi huwa ndiye askari wa penisilini.

Babake anasema kwao hakuna ugonjwa huu.

Apimwe. Kama mtoto ni SS, jeni moja imetoka kwa baba. Ndoa zimevunjika Mombasa kwa jambo ambalo kipimo kimoja kingelimaliza. Vijana wanaotaka kuoana nao wapime kabla ya posa kukolea, hasa wanapooana binamu katika ukoo ambao jeni imeshajulikana imo.

Kuna kupona kabisa?

Kupandikiza uboho huponya, na mfadhili bora ni ndugu wa baba mmoja mama mmoja anayelingana. Wakenya huenda India kwa hilo, kwa gharama ambayo familia nyingi haziwezi. Tiba ya jeni iliidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa 2023. Huko Marekani bei yake ni zaidi ya dola milioni mbili. Yeyote wa mtaani anayeuza chupa ya "kuponya sikoseli", mwache na chupa yake.

Gharama tunazimudu vipi?

Sajilini familia nzima SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Asiye na ajira rasmi hukadiriwa asilimia 2.75 ya kipato cha nyumba, na kima cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Lipeni kabla mtoto hajalazwa. Na ndugu wazima wawe na desturi ya kuchangia damu, si kungoja siku tuliyozungukwa na simu za kuomba.

Tunakaa Likoni. Usiku wa dharura tujipange vipi?

Tafuteni mapema tuktuk au gari la jirani ambaye mtapatana naye kwamba simu yenu ataipokea saa yoyote. Jueni hospitali ya karibu upande wenu inayoweza kuanza antibiotiki, kabla ya kufikiria kuvuka kwenda Makadara, hospitali kuu ya rufaa ya Pwani; dozi ya kwanza isingoje feri. Mkilazimika kuvuka, mwambieni askari wa kivukoni mapema kwamba mna mgonjwa.

Mkoba ukae nyuma ya mlango: kadi ya kliniki, nakala ya kipimo cha SS, namba yake ya kawaida ya damu na kundi lake la damu, daftari la bandama, dawa zote zikiwa na vibandiko vyake, chupa ya maji, sweta, kanga mbili, chaja ya simu, na pesa taslimu za nauli ambazo hakuna mtu nyumbani anaruhusiwa kuzikopa.